Kifungu cha Tisa

Fomu ya mkopo inauliza, kifungu cha tisa:
"Eleza mustakabali wa biashara yako, miaka mitano ijayo."
Mistari mitatu ya nukta,
na karatasi inalowa kila niigusapo,
maana vidole vyangu havijakauka tangu Jumatatu.

Bwana Lugusha, mistari yako haitoshi.
Nageuza karatasi.

Nafua mazulia na mapazia, Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo;
mimi nimeyavulia nguo za madirisha ya watu,
na bado naoga.

Zulia husema kabla ya mwenyewe.
La Cheyo limejaa mchanga wa viatu vya wageni,
la Ng'ambo lina uji, kiberiti, ushanga mmoja wa buluu.
Namjua anayelala sebuleni siku hizi:
bega lake limeacha shimo kwenye manyoya.
Sisemi.
Maji machafu nayamwaga mtaroni,
na maneno hukohuko.

Vumbi la Tabora halibishi hodi.
Linashuka stesheni bila tiketi,
linapanda pazia, linakaa kama mpangaji
asiyedaiwa kodi.
Mwezi wa tisa ndipo ninapokula.
Masika sili: zulia siku ya tatu halijakauka,
linanuka mbwa, na mwenyewe anataka fidia.
Kavu, Shija hulibeba peke yake begani.
Likilowa tunalibeba wanne, kimya,
na wapita njia huvua kofia.

Maji ya Ziwa yamefika, ni kweli. Na bili imefika.

Sasa hilo la miaka mitano.
Mama Matogolo amejenga upya, kaweka marumaru,
sakafu inang'aa kama bakuli.
Anapiga deki dakika kumi, basi, anakunywa chai.
Madirishani kaning'iniza vipande vya plastiki
vinavyofutwa kwa kitambaa, kama miwani.
Alinionyesha nyumba yote, chumba kwa chumba, kwa furaha.
Nikamsifu. Ningefanyaje?
Na kuna kijana wa Bachu mwenye mashine:
inanguruma, inatema povu, inalinyonya tena,
zulia halioni hata jua.
Shija aliuliza bei. Alirudi hasemi na mtu.

Juma lililopita Bibi Nyamizi wa Kanyenye aliniita.
Mapazia sita.
Matano aliyashusha mwenyewe, ameparamia kigoda.
La sita, la chumbani, akalikunja usoni.
"Hili liache. Mzee alikuwa mpima tumbaku,
miaka thelathini, ananukia humu."
Tangu wamzike ni miezi minane.
Nikamtoza ya matano. Akalipa ya sita.

Jana kamtuma mjukuu na mfuko.
Pazia lilelile, limekunjwa vizuri,
na ujumbe: lifue, ila kwa maji matupu,
na usilikamue sana.

Nimelichovya mara moja. Maji yakawa rangi ya chai.
Nikasimama nalo, likinichuruzikia miguuni,
nisijue kama nilichovye tena.
Mashine ile, nasikia, ina vitufe saba.

Basi andika hivi, Bwana Lugusha:
naomba laki nane.
Tangi la lita elfu moja, waya mpya wa kuanikia
(wa sasa unatia kutu, unachora mstari mwekundu
ambao hautoki hata kwa ndimu),
na turubai la masika.
Miaka mitano siijui. Vumbi nalijua.

Shija anasema bila neno "mashine" fomu hairudi.
Nimeiandika. Ipo pale pembeni,
kwa penseli.

Kalunde Msabila,
dole gumba limesinyaa kwa maji;
wino ukikataa kushika, nitarudi kesho.